Uyoga wa sufuriani na uyoga wa kwenye kapsuli

Swali ninaloulizwa sana dukani siku hizi si la malaria wala la UTI. Ni hili: “Mama, huna dawa ya kumbukumbu?” Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia wanaouliza ni wanafunzi, na hao nawaambia wakalale. Miezi mingine wanaouliza ni watu wazima, tena si kwa ajili yao wenyewe. Wanaulizia mzee wa nyumbani ambaye ametoka kula sasa hivi na anadai hajala, au aliyekwenda kwenye shamba alilolilima maisha yake yote akashindwa kujua njia ya kurudi.

Nina duka la dawa muhimu hapa Morogoro, maeneo ya Kihonda, na ninaishi na mama yangu mzazi. Umri wake kamili hakuna anayeujua. Kadi ya kliniki inasema alizaliwa 1941, kwa makadirio ya karani aliyemtazama usoni akaandika. Kwa hiyo suala la kumbukumbu kwangu ni la biashara na ni la nyumbani. Ila kilichonisukuma kulisoma kwa dhati ni vijana wa biashara ya mtandao, ile ya kuuziana kwa kamisheni. Wanakuja na tai na begi, shikamoo zimejaa, wanatandaza kaunta nzima: kahawa ya uyoga, kapsuli za uyoga, majani ya ginkgo, manjano “yaliyoboreshwa”. Wanataka niwapangie kwenye rafu zangu, niwauzie wateja wangu, nipate kamisheni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sikutaka kumhukumu mtu kwa methali. Niliwaambia waniachie vipeperushi vyao nivisome kwanza.

Basi nimesoma. Usiku nikishafunga hesabu za duka nafungua PubMed kwenye simu, ambako muhtasari wa tafiti nyingi unapatikana bure. Kiingereza chake si lelemama, lakini ukishazoea unajua jicho liende wapi. Mimi natafuta kwanza aliyepewa hiyo dawa ni nani: seli kwenye kisahani cha maabara, panya, au binadamu? Kama ni binadamu, walikuwa wangapi, kwa muda gani, na je, kulikuwa na wenzao waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa, bila kujua? Ungeshangaa madai mangapi yanafia kwenye swali la kwanza. Mlonge, kwa mfano, ambao hapa kwetu unatibu kila kitu hadi ndoa: kwa upande wa kumbukumbu nilikuta panya, nikakuta panya, nikakuta tena panya. Sina ugomvi na mlonge, majani yake ni mboga nzuri. Lakini panya si mama yangu.

Uyoga niliotaka sana kuujua ni ule wanaouita lion's mane, jina la kitaalamu Hericium erinaceus. Ni mweupe, unaning'inia kama ndevu ndefu kwenye magogo, na Wajapani na Wachina wameula miaka mingi. Kipeperushi kilisema “unakuza upya seli za ubongo”. Nilipofuatilia chanzo nikafika Japani, mwaka 1991. Mtafiti Hirokazu Kawagishi na wenzake walitoa kwenye uyoga huo kemikali walizoziita herisenoni, na mwaka 1994 wakatoa nyingine, erinasini, kutoka kwenye zile nyuzi nyeupe zinazotangulia kabla uyoga haujachipua. Kemikali hizo zilipowekwa kwenye seli za ubongo wa panya maabarani, seli zikatengeneza kwa wingi protini inayosaidia neva kukua na kuishi. Ni ugunduzi wa kweli na wa kuheshimika. Lakini ulifanyika kwenye kisahani.

Utafiti wa binadamu ulikuja 2009, hukohuko Japani. Walichukuliwa watu 30 wa miaka 50 hadi 80 ambao kusahau kwao kulikuwa kumezidi kidogo kule kwa kawaida ya umri. Nusu walipewa vidonge vya unga wa uyoga huo, gramu 3 kwa siku, kwa wiki 16, na nusu vidonge vitupu. Waliopewa uyoga walipata alama za juu zaidi kwenye mtihani wa kumbukumbu, na alama zilipanda kadiri wiki zilivyokwenda. Walipoacha, wiki nne baadaye alama zikaanza kushuka. Ningependa sana kufurahi. Ila watu 30 ni abiria wa Coaster moja, na huwezi kuwauliza abiria wa Coaster moja ukatangaza matokeo kwa taifa zima. Mwaka 2023 Waingereza walijaribu kwa vijana na watu wa makamo 41 wenye afya zao: kwa dozi moja walikuwa na wepesi kidogo kwenye zoezi moja la kompyuta, na vipimo vingine vingi havikuonyesha tofauti. Hapo ndipo tulipofika na uyoga huo. Hatujafika ilipofika kahawa ya wale vijana.

Na gramu 3 kwa siku ilikuwa vidonge 12, vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni. Kapsuli alizoniachia kijana mmoja wao zinatumika moja kwa siku. Nikageuza kopo nikasoma maandishi madogo kwa miwani: kilichomo si uyoga wenyewe, ni zile nyuzi nyeupe zilizooteshwa juu ya nafaka, kisha nyuzi na nafaka vikasagwa pamoja. Kiasi gani ni nyuzi na kiasi gani ni wanga wa nafaka, hapakuandikwa. Nilimuuliza kijana aliporudi. Akasema, “Mama, hii imethibitishwa na wanasayansi wa nje.” Nikamwambia, mwanangu, wanasayansi wa nje nimewasoma, hebu nionyeshe wewe kwenye kopo. Tukaishia kucheka wote wawili, akanywa maji, akaondoka na begi lake.

Ginkgo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ginkgo imepimwa kwelikweli. Dondoo la majani yake linauzwa duniani kote kwa ajili ya kumbukumbu, nami mwenyewe niliwahi kuliweka dukani. Marekani walifanya utafiti ambao muuzaji yeyote wa dawa ya kumbukumbu angeuota: watu 3,069 wenye miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 asubuhi na 120 jioni, au kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka 2008 kwenye jarida la JAMA. Waliopata dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, upande wa vidonge vitupu walikuwa 246. Upande wa ginkgo, 277. Wafaransa nao wakafanya wa kwao kwa wazee zaidi ya 2,800 waliokuwa wakilalamika kusahau, wakatoa majibu 2012: haikuzuia.

Sasa, kipeperushi cha ginkgo nilichonacho kina ukurasa mzima wa historia ya mti huo, kwamba umekuwepo tangu enzi za dinosaria, kwamba mingine ilibaki hai Hiroshima baada ya bomu. Yote kweli. Tafiti hizo mbili kubwa hazimo. Kwangu mimi hilo ndilo linalonifanya nimtilie muuzaji shaka, kuliko bei. Na ginkgo inahofiwa kuongeza uwezekano wa kutokwa damu kwa mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Wazee wangapi hapa mtaani wanakunywa aspirini ndogo kila siku? Wengi. Wangapi wanamwambia daktari kwamba wanatumia na majani? Mh.

Niseme kitu ambacho kilinigeuza kidogo mawazo, maana nilianza kusoma nikidhani nitaishia kusema mimea ni porojo. Sivyo. Dawa za hospitali za dimenshia zinazotumika leo, mbili zina asili ya mimea. Galantamini ilitoka kwenye ua dogo jeupe la Ulaya Mashariki, Galanthus, linalochipua theluji ikiwa bado chini. Wabulgaria, akiwemo Dimitar Paskov, waliifanya dawa miaka ya 1950 na kuitumia kwa waliopooza kwa polio, na Marekani wakaiidhinisha kwa ugonjwa wa Alzheimer, aina kuu ya dimenshia, mwaka 2001. Nyingine ni rivastigmini, ambayo wakemia waliitengeneza wakifuata umbo la kemikali iliyomo kwenye maharagwe ya Calabar.

Maharagwe haya yana kisa, nisameheni nikae hapa kidogo. Calabar ni kusini mashariki mwa Nigeria, kwa Waefik. Mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa maji ya maharagwe hayo: akitapika akapona, hana hatia, akifa, basi. Wamisionari wa Kiskoti wakapeleka mbegu Edinburgh, na mwaka 1855 Robert Christison, profesa mzima wa tiba, akaamua kuila mwenyewe kidogo aone. Alipohisi moyo unalegea na nguvu zinamwisha, alikunywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu, yenye sabuni, ili atapike. Akapona, kwa hiyo tuseme hakuwa mchawi. Mwaka 1864 kemikali yenyewe, fisostigmini, ikachujwa, na mwaka 1935 Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi ambaye babu zake walikuwa watumwa, akaitengeneza maabarani tangu mwanzo bila kutegemea mbegu.

Kinachofanyika mwilini ni hiki. Seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali, mojawapo ni asetilikolini. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja ikishatumika. Kwa mgonjwa wa Alzheimer asetilikolini imepungua, na dawa hizi zinamzuia huyo mvunjaji ili kile kidogo kilichobaki kidumu. Haziponyi. Zinampa mgonjwa nafuu ya wastani kwa muda, na wengine zinawapa kichefuchefu tu. Ukizidisha kuzuia, moyo unapungua mwendo, misuli inalegea, pumzi inakata, na ndivyo walivyokufa wale wa Calabar. Kwa hiyo mimea iliyotoa dawa za kweli za ubongo ni mimea yenye sumu, iliyopimwa hadi miligramu. Mtu akiniambia dawa yake ya ubongo ina nguvu sana na haina madhara yoyote hata unywe kikombe kizima, ninajua moja kati ya hayo mawili si kweli.

Manjano nayo. Mimi ni Mluguru, milimani kwetu Matombo na Kinole ni nchi ya viungo, kwa hiyo mtu hawezi kuniambia nisitumie manjano. Lakini kurkumini, ile rangi ya njano inayosifiwa, tumbo linaipokea kwa shida sana. Sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia. Wahindi walionyesha 1998 kwamba ukiichanganya na piperini ya pilipili manga, kinachoingia kwenye damu kinaongezeka kwa asilimia 2,000. Kutoka hapo makampuni yakaanza kuuza kapsuli “zilizoboreshwa”. Zimewahi kuleta shida kwa watu wengine: mwaka 2022 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa 10 walioumia ini kwa vidonge vya manjano, mmoja akafariki, na baadhi ya vidonge vilivyopimwa vilikutwa na pilipili manga ndani. Pilau halijawahi kumfanya mtu hivyo. Kijiko kwenye mchuzi na mamia ya miligramu kila asubuhi ni vitu viwili tofauti.

Lililonikera zaidi ni la Bangladesh. Huko wasagaji walikuwa wakichanganya manjano na kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1980 baada ya mafuriko kufifisha rangi ya mavuno. Risasi inaharibu ubongo, hasa wa mtoto. Yaani mtu ananunua kiungo kinachosifiwa kulinda ubongo, anauharibu nacho. Watafiti waliipigia kelele, serikali ikatoza faini hadharani sokoni, na sampuli zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri 2021. Tangu niisome hiyo habari sinunui manjano ya unga. Nanunua mazima soko la Chifu Kingalu, nakata vipande vyembamba, naanika, natwanga mwenyewe. Mikono inakaa njano wiki nzima, wateja wananiuliza kama naumwa homa ya manjano.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonipa matumaini, na ajabu yake ni kwamba hakuna kijana wa tai aliyewahi kuniletea.

Kuna kemikali inaitwa ergothionini. Mfaransa Charles Tanret aliigundua 1909 kwenye kuvu linaloshambulia nafaka ya Ulaya iitwayo rye. Mimea haiitengenezi, wanyama hawaitengenezi. Wanaoitengeneza ni kuvu, yaani uyoga na jamaa zake, pamoja na baadhi ya bakteria. Sisi tunaipata kwa kula tu, na katika vyakula vyote uyoga ndio wenye nyingi zaidi. Kwa karibu karne nzima haikumshughulisha mtu. Kisha 2005 watafiti wa Ujerumani wakagundua kwamba mwili wa binadamu una mlango maalumu, protini kwenye ukuta wa seli, ambayo kazi yake kubwa ni kuichukua ergothionini na kuiingiza ndani. Hapo nilisimamisha kusoma nikatafakari. Mwili hauweki mlango na bawabu kwa ajili ya kitu usichokihitaji. Ikishaingia inakaa muda mrefu, inafika hadi kwenye ubongo, na maabarani inaonekana kuzikinga seli na ule uharibifu wa oksijeni unaokuja na uzee.

Wanaoifuatilia sana kwa upande wa ubongo ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore. Mwaka 2016 walionyesha kwamba kiwango chake kwenye damu kinapungua kadiri mtu anavyozeeka, na wenye matatizo ya kumbukumbu wanacho kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2019 wakatoa utafiti wa wazee 663 wa jamii ya Wachina: waliokula uyoga zaidi ya mara mbili kwa wiki, kila mlo kama gramu 150 za uyoga uliopikwa, walikuwa na uwezekano pungufu kwa takriban nusu wa kuwa na ile hali ya kusahau inayotangulia dimenshia. Hawakutumia uyoga wa bei mbaya wa milimani. Ulikuwa uyoga wa kawaida sokoni kwao, ukiwemo huu tunaoulima hapa, mamama.

Haraka niseme udhaifu wake, maana nimewasema wengine. Hawa hawakupewa uyoga, waliulizwa wanakula nini. Huenda wanaokula uyoga ni watu wenye kipato, au wanaotembea zaidi, au ni kwamba mwenye akili timamu ndiye anayeweza kwenda sokoni kuchagua uyoga. Watafiti walijitahidi kurekebisha hayo kwenye hesabu, lakini hesabu haimalizi kila kitu. Tofauti na ginkgo ni kwamba hata ikija kuthibitika haisaidii ubongo, mama yangu atakuwa amekula mboga yenye protini na nyuzinyuzi.

Kwa hiyo uyoga kwangu unaingia sufuriani. Kuna dada mmoja hapa jirani anaulima kwenye chumba cha giza, mifuko ya majani ya mpunga imening'inia kwenye kamba, na mamama unachomoza ubavuni kama masikio. Ananiuzia robo kilo shilingi 2,000. Siuoshi kwenye beseni, unakunywa maji ukawa sifongo. Naupangusa, kisha nauchana kwa vidole kufuata nyuzi zake, kutoka kwenye kofia kuteremka kwenye kikonyo. Kile kipande kigumu cha chini kabisa nakitupa. Naweka sufuria motoni kavu, bila mafuta. Baada ya muda uyoga unatoa maji yake mwenyewe, unachemka ndani ya maji hayo hadi yakauke na uanze kunata chini, na hapo harufu yake inabadilika inakuwa ya nyama. Ndipo naweka mafuta kidogo, kitunguu, nyanya moja, manjano yangu, mwisho tui jepesi. Ukitanguliza mafuta na nyanya utakula uyoga uliochemshwa, usinilaumu. Ergothionini haiogopi moto, ndiyo raha yake.

Mama anakula, kisha analalamika. Kwake uyoga ni ule wa kwenye kichuguu, unaochipua mvua za kwanza zikinyesha, ambao mchwa wenyewe ndio wanaulima huko chini. Anasema huu wa mifuko hauna ladha. Nikamletea siku moja uyoga wa porini kutoka kwa mwanamke wa barabarani. Akaushika, akaugeuza chini akatazama mapezi, akauliza: “Umechumwa wapi?” Sikujua. “Na aliyekuuzia naye hajui?” Akaisukuma sahani. Sikubishana naye. Sumu ya uyoga hatari wa jamii ya Amanita haifi kwa kupikwa, na dalili zake zinachelewa saa sita, saa kumi na mbili, wakati mwingine hata siku nzima, ini likiwa limeshaguswa. Kama hukulelewa na mtu anayeujua uyoga wa eneo lako, nunua wa kulimwa.

Hospitali nilimpeleka baada ya kusoma kuhusu Hai. Wengi hatujui kwamba moja ya tafiti zinazotajwa sana kuhusu dimenshia vijijini Afrika ilifanyika hapahapa Tanzania, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walipimwa wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo, yaliyotoka 2013, yalionyesha zaidi ya wazee sita katika kila mia wana dimenshia. Kutokana na kazi hiyo kikatengenezwa kipimo kifupi kinachomfaa hata asiyejua kusoma wala kushika kalamu. Badala ya kuchora saa, mzee anapangiwa njiti nne za kiberiti, naye anaambiwa azipange vilevile.

Nesi alipompangia njiti mama yangu alimtazama kwanza. “Mwanangu, mimi si wa chekechea.” Akazipanga, moja ikaelekea siko. Akaulizwa daraja ni nini. “Cha kuvukia mto. Kwani kwenu hakuna?” Akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akaanza vizuri, ng'ombe, mbuzi, kondoo, akafika kwa nguruwe pori, na hapo akasimama kuwalaani nguruwe waliomlia mihogo, dakika ikaisha. Yale maneno kumi aliyosomewa mwanzo alikumbuka machache.

Kilichopatikana siku hiyo hakikuwa kwenye kipeperushi chochote. Presha yake ilikuwa 178 kwa 96, na masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta. Tulikuwa tunasema mama anasahau tulichomwambia, kumbe mengine hakuyasikia tangu mwanzo. Nikarudi kwenye kusoma. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inatokana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Usikivu uliopotea umo, presha imo, kisukari kimo, macho yasiyotibiwa yamo, upweke umo. Utafiti wa Marekani wa 2019 wa watu 9,361 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuridhika na chini ya 140, kulipunguza ile hali ya kusahau inayotangulia dimenshia. Kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuwa ya uhakika, lakini hata hicho kidogo hakuna uyoga wa kopo uliowahi kukionyesha kwa idadi ya watu kama hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka huohuo lilishauri watu wasitumie vitamini B, vitamini E wala virutubisho vya kuchanganya kwa lengo la kulinda akili.

Vidonge vya presha vya mama kwa mwezi ni hela ndogo sana ukilinganisha na pakiti ya kahawa ya uyoga, ambayo yule kijana alikuwa anaitaka elfu arobaini na tano. Na bado nina wateja wanaonunua presha nusu dozi “hadi mwisho wa mwezi mama”, huku kahawa hiyo wamelipa taslimu kanisani baada ya ibada.

Ningetamani mamama wetu na uyoga wa vichuguu upimwe hapahapa. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, ilianza kama kitengo cha utafiti 1974, na sisi hapa Morogoro tuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mtu apime ergothionini iliyomo kwenye uyoga wa Mufindi, wa Tabora, wa Uluguru, kisha awafuatilie wazee wanaoula msimu hadi msimu. Mimi nitajitolea kubeba sahani.

Wateja wanaosisitiza kununua ya kopo siwafukuzi, ni hela yao. Ninawaomba kopo nilisome nao: jina la kitaalamu lipo? Ni uyoga au ni nyuzi na nafaka? Miligramu ngapi? Kisha nachukua daftari lao la kliniki, na kwenye ukurasa wa mwisho naandika jina la bidhaa, kiasi na tarehe walipoanza, ili daktari akiona damu haigandi au ini limepanda asianze kubahatisha. Na kama kuna upasuaji umepangwa, hata wa jino, wamwambie mapema, hasa wa ginkgo.